Mwani Usiishie Maguniani

Mwaka 2012 Korea ya Kusini iliidhinisha tiba ya goti inayostahili kufikiriwa na kila anayehusika na mwani wa Zanzibar. Seli shina kutoka katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga huchanganywa na jeli ya asidi ya hayaluroni, kitu kilichomo katika viungo vya mwili, kisha mpasuaji huzipandikiza mahali gegedu lilipolika.

Jeli hiyo si pambo. Seli zikidungwa ndani ya maji ya chumvi peke yake, nyingi husombwa au hufa katika siku chache. Jeli, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, huzishika pale pale, hupitisha oksijeni na chakula, kisha huyeyuka polepole huku tishu mpya ikijijenga.

Mwani nao hutoa jeli za namna hii. Mwani wa kahawia wa bahari za baridi hutoa alijineti, ambayo hugandishwa kwa kalsiamu. Na mwekundu hutoa karajini, ambayo nayo imo katika majaribio ya kubebea seli. Ni huo mwekundu ambao akina mama wa Paje na Jambiani wameulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ukasafirishwa ng'ambo ungali mali ghafi. Wanaousafisha huko ndio wanaofaidi.

Isidhaniwe kwamba gunia la mwani ni dawa. Karajini ya chakula haiingizwi mwilini bila kusafishwa kwa kiwango cha juu kabisa, na tiba ya Korea ni ya gegedu la goti, si ya kila maradhi. Walaghai wa sindano za seli shina wapo: mwaka 2017 iliripotiwa kwamba wanawake 3 waliodungwa machoni katika jimbo la Florida, Marekani, walipoteza uwezo wa kuona.

Kwa Zanzibar, hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine. Kotonii, aina itoayo karajini igandayo kwa ugumu, tena yenye bei nzuri, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto la bahari. Wakulima wengi wamebaki na spinosamu ya bei ndogo. Kotonii bado yaweza kustawi kwenye kina kirefu, ambako wanawake wengi hawana mashua wala hawajui kuogelea. Kabla ya maabara, basi, wizara zinazohusika hazina budi kuanza na mashua, kamba na mafunzo ya kuogelea.