Neno "Mlawiti" na Mkristo Aliye Shoga

Je, mtu aweza kuwa Mkristo wa kweli huku akikiri wazi kwamba anavutiwa na watu wa jinsia yake? Mimbarani swali hili hujibiwa upesi mno. Maoni yangu ni kwamba aweza. Aidha, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu katika mjadala huu, kwani sehemu yake kubwa ni suala la maneno.

Tuchukue mfano wa Mautuma, eneo la Lugari, Kaunti ya Kakamega. Magharibi mwa Kenya ni ngome ya Marafiki, wajulikanao pia kama Quaker, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki hufundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu. Hata hivyo, kijana shoga wa huko afunguapo Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, hukutana na neno "walawiti" katika 1 Wakorintho 6:9. Neno hilo hilo ndilo magazeti yetu hulitumia kumtaja mtu aliyemnajisi mtoto wa kiume. Hivyo, kijana asiyemdhuru yeyote hutiwa kapu moja na mhalifu, na hujifunza kujichukia kwa lugha yake mwenyewe.

Katika aya hiyo, palipo na "wafiraji" na "walawiti", Kigiriki kina malakoi na arsenokoitai. Maana ya msingi ya neno la kwanza ni "laini", nalo hutumika katika Mathayo 11:8 kuelezea mavazi mororo. La pili limeundwa kutokana na "mwanamume" na "kitanda", na wataalamu wangali wanabishana kuhusu maana yake kamili. Mfasiri alilazimika kuchagua. Msomaji naye hudhani hapakuwa na uchaguzi.

Watakuwapo watakaosema kwamba Walawi 18 na Warumi 1 zingalipo. Ni kweli, na hoja ya tafsiri pekee haizifuti. Lakini Waefeso 6:5 nayo ingalipo, ikiwaamuru watumwa kuwatii mabwana wao. Pamoja na hayo, mwaka 1776 Marafiki wa Philadelphia waliwakataza waumini wao kumiliki watumwa. Hawakuichana Biblia, waliisoma kwa kumtazama mtu aliyeumizwa nayo. Kwa usomaji wa namna hiyo, Marafiki wa Uingereza waliamua mwaka 2009 kufungisha ndoa za jinsia moja. Wenzao wengi wa Kenya hawakubaliani nao, lakini wote wanadai urithi mmoja wa nuru ile.

Hapa Afrika Mashariki pia kuna kielelezo. Christopher Senyonjo, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa West Buganda nchini Uganda hadi 1998, aliamua kuwasikiliza mashoga badala ya kuwafukuza. Uamuzi huo ulimfanya atengwe na kanisa lake, ila imani hakuiacha.

Nchini Kenya, tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu. Sheria hatuwezi kuibadilisha sisi. Kamusi, tafsiri na mihadhara yetu ni kazi yetu. Tutenganishe basi neno la jinai na jina la mtu. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya muumini huyu ni kuitwa kwa jina lisilomhukumu kabla hajaketi kanisani.