Losheni ya jua: rahisi isiwe ghali kwa watoto wetu

Wahenga walisema rahisi ghali. Msemo huo unafaa kukumbukwa na kila mzazi anayepita Kariakoo kutafuta losheni ya kukinga jua kwa ajili ya mtoto wake, akaikuta mezani kwa bei ya punguzo.

Kwa watoto wengi wa nchi hii, losheni hiyo ni kitu cha ziada, kwa kuwa rangi ya asili ya ngozi zao ni kinga kubwa. Kwa mtoto mwenye ualbino mambo ni tofauti kabisa. Ngozi yake haina kinga hiyo, na jiji la Dar es Salaam lipo karibu na Ikweta, mahali ambapo jua ni kali mwaka mzima. Madaktari waliochunguza watu 350 wenye ualbino jijini humo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1985, waliona madhara ya jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Wanaochelewa kupata kinga huishia kutibiwa saratani ya ngozi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Basi kwa mtoto huyu losheni ni dawa, na dawa hainunuliwi kwa kutazama bei peke yake.

Je, losheni ya punguzo inafanya kazi? Jibu la haki ni kwamba bei ndogo peke yake si kosa. Mwenye duka anaweza kupunguza bei ili amalize mzigo ulio mzima. Lakini anaweza pia kuipunguza kwa sababu muda wa matumizi umekaribia kwisha, au umekwisha. Tena losheni iliyoshinda juani wiki nzima huharibika kwa joto hata kama tarehe yake haijapita. Ikiwa imejitenga maji na mafuta, au imebadilika harufu, haifai. Hapana budi mnunuzi asome tarehe, na atazame namba iliyoandikwa baada ya herufi SPF. Losheni ya namba 15 huzuia takriban asilimia 93 ya mionzi inayobabua ngozi, na ya namba 30 huzuia takriban asilimia 97. Kwa mtoto mwenye ualbino isipungue 30.

Jambo jingine la kuhadhari ni kuchanganya losheni ya jua na vipodozi vya kuchubua ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, kwa kuwa hudhuru mwili na kuiondolea ngozi kinga yake. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, nalo halina budi kuzidisha ukaguzi katika meza na maghala ya Kariakoo.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haimo ndani ya chupa. Namba zile hupatikana kwa kupaka tabaka nene: kwa mtu mzima, kijiko kizima cha chai kwa uso, masikio na shingo, na kingine kwa kila mkono, kisha kurudia kila baada ya saa mbili akiwa juani. Kwa kipimo hicho, chupa ya mililita 100 haifikishi mara 7. Mtoto hutumia pungufu, lakini hatumii tone moja. Mzazi mwenye kipato kidogo hubana matumizi, akampaka mtoto kidogo mara moja alfajiri, kisha akaamini kuwa amemkinga. Losheni nzuri ikipakwa hivyo haikingi inavyopasa, na imani hiyo ya uongo humwacha mtoto juani mchana kutwa.

Kwa sababu hiyo jambo hili haliwezi kuachiwa mfuko wa mzazi peke yake. Mfano tunao. Katika muongo wa 2010 losheni ya Kilisun ilianza kutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino, ikagawiwa bure pamoja na mafunzo ya matumizi. Wakuu wa halmashauri na maofisa wa afya wahakikishe kwamba losheni ya namna hiyo inafika zahanati bila kukatika.

Nanyi walimu mnayo kinga isiyohitaji fedha nyingi. Mruhusuni mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na shati la mikono mirefu, hata kama sare ya shule haisemi hivyo. Asisimamishwe juani wakati wa gwaride, wala asipewe kazi ya bustani saa sita mchana. Kivuli cha mwembe hakina tarehe ya kwisha, wala hakiuzwi kwa punguzo.

Losheni ni msaidizi wa kofia, nguo na kivuli. Mtoto akivikosa hivi vitatu, hata chupa ya bei kubwa haitamtosha.