Jiko la Indaksheni katika Nyumba Mpya

Kujenga nyumba ya kudumu ni tumaini la kila jamaa ya askari. Miaka mingi ya utumishi hupita katika nyumba za kambi, ambamo mara nyingi sigiri huwekwa kibarazani na moshi wake huwa ni mali ya majirani wote. Ndiyo sababu, kuta za nyumba yake mwenyewe zinapofika kwenye linta, bibi wa askari huwaza habari za jiko kabla ya kuwaza habari za sebule. Na siku hizi swali moja husikika katika nyumba nyingi zinazojengwa kando ya miji ya Uganda: je, yafaa kuweka jiko la indaksheni?

Atwaliwe kwa mfano bibi wa sajini mmoja mwenye kiwanja nje ya mji wa Jinja, mahali ambapo nyaya kubwa za umeme zapita angani kutoka bwawa la Nalubaale, lile lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls. Mumewe alikuwa Somalia, nchi ambayo majeshi ya Uganda yaliingia kulinda amani mwaka 2007, na fedha za ujenzi zilitoka katika marupurupu yake ya huko. Sajini alikuwa ameona picha ya jiko la kioo cheusi, lenye mahali pa sufuria nne, limezamishwa ndani ya meza ya jikoni, nalo halina moto wala moshi. Akapiga simu.

"Mama watoto," alisema, "nataka jiko la namna hii. Sitaki nirudi nyumbani nikukute ukipuliza mkaa."

"Vyema, Baba watoto," alijibu bibi, "lakini nipe juma moja nilichunguze."

Moyoni mwake mlikuwa na sababu mbili zilizovutana. Mtoto wao wa pili ana kovu mkononi, alilolipata siku alipojikwaa juu ya sigiri kambini; basi hakuna aliyetamani kuuacha mkaa kuliko mama yake. Lakini fedha iliyosalia ilitosha jambo moja tu, ama jiko lile, ama dari ya vyumba viwili vya watoto.

Jiko la indaksheni halifanyi kazi kama majiko mengine ya umeme, yenye chuma kinachogeuka chekundu. Chini ya kioo mna mviringo wa waya wa shaba. Umeme hupita katika waya huo ukibadili mwelekeo wake makumi ya maelfu ya mara kwa kila sekunde, na hivyo huzaa nguvu ya sumaku isiyotulia. Sufuria ya chuma ikiwekwa juu yake, nguvu hiyo huamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria yenyewe, na kitako kikapata moto. Kioo hupata joto kutoka kwa sufuria, wala si sufuria kutoka kwa kioo. Sufuria ikiondolewa, kazi hukoma. Kwa sababu hiyo joto linalopotea ni kidogo: katika kila sehemu 100 za umeme, karibu 85 huingia katika chakula, ilhali moto wa gesi hufikisha kiasi cha 40 tu. Kuchemsha lita 2 za maji hutumia karibu sehemu moja ya tano ya yuniti, na jiko la wati 2,000 huyachemsha kwa dakika 6 au 7. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gwaride ataona mara moja faida ya chai ya namna hiyo.

Wenye kulisifu jiko hili husema kweli katika hayo. Wanalosahau kulitaja ni habari za sufuria. Bibi yule alitwaa sumaku kutoka katika spika ya redio mbovu, akaipitisha juu ya vyombo vyake vyote, kimoja baada ya kimoja. Sumaku haikushika sufuria hata moja kati ya zile saba alizozikusanya tangu arusi yake, kwa kuwa zote zilikuwa za aluminiamu, kama zilivyo sufuria nyingi sokoni. Haikushika mestini ya mumewe. Ilishika kikaango cha chuma cha chapati, na ilishika sufuria moja ya enameli aliyopewa na mama mkwe wake, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitunzia unga. Hivyo vyombo viwili tu ndivyo vingepika. Sufuria za chuma kisichoshika kutu nazo huhitilafiana. Nyingine hushikwa na sumaku, nyingine hazishikwi, na afadhali mnunuzi aende dukani na sumaku mfukoni kuliko kuutegemea ulimi wa mwuzaji. Tena kitako sharti kiwe bapa. Bei ya jiko, basi, si ile iliyobandikwa juu ya kioo, bali ni hiyo pamoja na bei ya sufuria mpya tatu au nne.

Yako na mambo ya upishi wenyewe. Posho husongwa kwa nguvu za mabega, na mpishi huishika sufuria kwa mguu au kwa kipande cha mti ili isizunguke. Juu ya kioo chororo, kilichoinuliwa kufika kiunoni, kazi hiyo ni ngumu, na mwiko ukiteleza sufuria huenda nao. Matoke ya kufunikwa kwa majani ya migomba hutaka moto mdogo wa saa nyingi na sufuria kubwa iliyo pana kuliko mviringo wa waya. Kitako chaweza kuiva katikati na kupoa pembeni. Mama mkwe, alipoambiwa habari hizi, aliuliza jambo moja tu: "Na siku umeme usipokuwapo, wajukuu wangu watakula nini?" Swali hilo halikuwa la ushamba. Umeme hukatika, na jiko la kioo halina lake la kufanya wakati huo. Mtambo mdogo wa umeme wa jua, ule wa kuwashia taa na kuchaji simu, hauwezi kuliendesha. Ama maharagwe, ambayo ndiyo mla mkaa mkubwa katika nyumba ya askari, sufuria ya umeme ya presha huyapika vyema kuliko jiko lolote la wazi, nayo huja na chombo chake.

Hata hivyo, jambo zito zaidi kwa mwenye kujenga limo ukutani, wala haliko mezani. Jiko la sehemu nne huweza kuvuta wati 7,000 kwa wakati mmoja. Kwa umeme wa volti 240 hizo ni ampea 29, na plagi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13. Kwa hiyo jiko kama hilo hutaka waya wake peke yake, utokao moja kwa moja katika sanduku la swichi kuu, mnene wa milimita za mraba 6 au zaidi kadiri fundi atakavyopima umbali, wenye swichi yake ya kukata umeme ya ampea 32, na waya wa ardhini uliofungwa kweli, si wa kuonyesha tu. Bibi alipomwuliza fundi wake, aligundua kwamba nyaya zilizokusudiwa jikoni zilikuwa zile zile nyembamba za plagi za sebuleni. Laiti plasta ingalikuwa imekwisha kupigwa, ingalibidi ukuta uvunjwe, au, jambo baya zaidi, jiko lingalifungwa juu ya waya usioweza kulibeba. Nyumba nyingi huungua kwa makosa ya namna hiyo. Jiko dogo la sehemu moja, la wati 2,000, ni jambo jingine. Halifiki ampea 9, nalo laweza kutumia plagi nzuri ya ukutani, mradi lisiunganishwe kwa waya wa kurefusha ambao tayari unabeba pasi na friji.

Bibi alikaa pia na daftari. Kwa utaratibu uliowekwa Uganda mwaka 2022, mwenye nyumba hulipa bei ya chini kwa yuniti 15 za kwanza za mwezi, kisha bei kamili mpaka yuniti ya 80. Kutoka yuniti ya 81 mpaka ya 150 iliwekwa bei ya kupikia, shilingi 412 kwa yuniti, na baada ya hapo bei kamili hurudi. Bei kamili ilipita shilingi 700. Bei hizo hutazamwa upya kila robo ya mwaka, hivyo risiti ya karibuni ndiyo ya kuhesabia. Jamaa yake ilikuwa ikitumia yuniti 50 kwa taa, pasi na televisheni. Alikisia kwamba kupika kungeongeza yuniti 60. Katika hizo, 30 zingelipiwa bei kamili, yaani zaidi ya shilingi 21,000, na 30 zingelipiwa bei ya kupikia, yaani shilingi 12,360, kabla ya kuongezwa kodi ya asilimia 18. Hapo panaonekana ajabu kidogo: punguzo humfikia anayepika sana, ilhali anayejaribu kwa chai na mayai tu hulipa bei kamili. Alipoweka hesabu hiyo kando ya bei ya gunia la mkaa, umeme haukumtisha tena.

Mkaa nao haukuwa ukishuka bei. Mwaka 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika wilaya za kaskazini, na jirani mmoja wa bibi huyu, mke wa koplo wa polisi, alikuwa na desturi ya kucheka kwamba mumewe hushinda barabarani akizuia malori ya mkaa na jioni huuliza mbona sigiri haijawashwa. Lakini si jambo la kuchekesha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020, na mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa huua usiku mmoja, bila moshi wa kumwamsha aliyelala.

Jiko la kioo lina tahadhari zake pia, ingawa ni chache. Kioo huendelea kuunguza kwa dakika kadhaa baada ya sufuria nzito kuondolewa, na mtoto haoni dalili ya moto. Aliyewekewa kifuani kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo akae mbali na jiko linalofanya kazi, angalau sentimita 60, na amwulize daktari wake kabla ya kulinunua.

Juma lilipotimia bibi alimpigia mumewe. Alisema kwamba jiko la sehemu nne halitanunuliwa mwaka huo. Fedha itaezeka dari ya watoto. Litanunuliwa jiko la sehemu moja, pamoja na sufuria mbili zilizopimwa kwa sumaku, nalo litapika chai, uji, mboga na wali. Nyuma ya nyumba utajengwa ukumbi mdogo wenye meko ya chini, mbali na njia ya watoto, kwa ajili ya posho, matoke na siku za giza. Lakini waya mnene utapitishwa ukutani sasa, kabla ya plasta.

Sajini alinyamaza kidogo. "Waya wa nini, ikiwa jiko halipo?"

"Wa siku utakayorudi, Baba watoto."

Asubuhi iliyofuata fundi alichonga ukuta. Bibi alisimama pale pale mpaka bomba likaingia na waya ukafika katika sanduku la swichi. Mwisho wa waya ulifunikwa kwa kibao cheupe cha plastiki, kilichokazwa kwa skrubu mbili, juu kidogo ya meza ya saruji. Mtoto wa pili aliuliza kile ni kitu gani. Aliambiwa kwamba ni mahali pa jiko la baba, na asikiguse.