Mipaka ya Sham na ya Ziwa Tanganyika



Ndugu Waislamu, mtoto akiuliza kwa nini Palestina haina amani, mwelezeni pia habari ya Kigoma.

Mei 1916 Uingereza na Ufaransa ziligawana kwa siri ardhi za Waarabu zilizokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya. Haya ndiyo mapatano ya Sykes-Picot. Julai mwaka huo huo majeshi ya Ubelgiji yaliwatoa Wajerumani Kigoma. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakapatana: Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji, Kigoma na Ujiji kwa Waingereza.

Kisha Shirikisho la Mataifa likabariki. Udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika ulipitishwa tarehe 20 Julai 1922. Wa Palestina, pamoja na wa Ufaransa juu ya Syria na Lebanon, ulipitishwa tarehe 24. Ni siku nne tu! Palestina ikabebeshwa na ahadi ya Balfour ya 1917, na msiba wake tunauona Gaza hadi leo.

Kuheshimu sheria za mipaka ni wajibu wa raia. Lakini mpaka huo si kipimo cha udugu. Suratul Hujurat, aya ya 10, imeufunga udugu kwenye imani. Muislamu wa Rusimbi asimdharau mkimbizi wa Burundi au Congo anayeswali naye safu moja. Nasi wa visiwani tusimbague mwenzetu wa bara.

Wallahu a'lam.