Binti naye apewe wakati wa kukimbia

Mu miji yetu ya mine, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, ni papa gani anakataza kijana wake kwenda kabumbu? Hata makuta ikiwa kidogo, viatu vitapatikana. Lakini binti akisema anataka kukimbia, tunamuuliza: na mayi, nani atachota?

Siye tunaona swali hili njo linatupotezea batoto.

Tuangalie Barcelona, mwaka 2012, mashindano ya dunia ya vijana. Kwa metre 1500 ya wasichana, ni kusema mizunguko tatu na robo tatu ya uwanja, alishinda Faith Kipyegon wa Kenya, kwa dakika 4 na segonde 4.96. Alikuwa na miaka 18. Wazazi wake ni walimaji, na nyumbani walikuwa batoto tisa. Mwaka 2010 alikimbia mbio ya porini ya vijana wa dunia huko Polandi, bila viatu, akafika wa nne. Baadaye alipata dhahabu ya Olimpiki mara tatu kwa ile metre 1500: Rio, Tokyo na Paris. Na kati ya Rio na Tokyo alizaa mtoto.

Kuna wenye wanasema mwili wa mwanamke hauwezi. Neno hili ni la zamani. Mwaka 1928, Amsterdam, wanawake walikimbia metre 800 ku Olimpiki mara ya kwanza. Wakubwa wakasema wamechoka kupita kiasi, wakaondoa ile mbio mpaka Roma, 1960. Metre 1500 yao ilingojea hata 1972. Mu ile miaka yote mwili wa mwanamke haukubadilika. Ni mawazo ya wakubwa njo ilibadilika.

Tunajua shida ya nyumba. Papa akitoka poste ya usiku anataka mayi ya kuoga. Mama akienda kuosha mawe ku mto, binti njo anabaki na mdogo wake mgongoni. Hatusemi kazi iachwe. Tunasema igawanywe: kijana mwenye kutoka kabumbu naye abebe bidon. Saa moja asubuhi, siku tatu kwa juma, haitaangusha nyumba.

Lakini akimbilie wapi? Barabara zetu zimejaa vumbi na makamio ya mawe. Hakuna mzazi atakayeacha binti yake pale, na ana haki. Hapa njo tuko na la kufanya. Sheria ya mine ya mwaka 2018 inaomba kampuni zitoe angalau 0.3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya watu wenye kukaa karibu, na zisaini nao cahier des charges. Mikutano ile ikiitwa, tunaomba masomo, tunaomba hospitali, ni vizuri. Tuombe tena kiwanja cha kukimbilia: metre 400 za udongo uliosawazishwa, pembeni ya masomo, mbali na makamio. Mashini yenye kusawazisha barabara ya mine inaweza kazi hii.

Ba papa, ba mama, mkutano unaofuata tusiende peke yetu. Twende na mabinti zetu, waseme wenyewe.