Maji ya Mlimani Hayana Miadi



Likizo ya Agosti inapokaribia, jamaa nyingi za pwani hupanga safari za bara, na swali moja hurudiwa kila mwaka baada ya darsa za akina mama: je, yafaa watoto wetu, na hasa mabinti, kwenda na wenzao kupanda makorongo ya Mlima Elgon na kuoga kwenye maporomoko ya Kitale na Bungoma? Jibu langu ni kwamba yafaa. Tumeamrishwa tutembee katika ardhi na tuzingatie, wala mabinti hawakutolewa katika amri hiyo. Lakini idhini ya mzazi si hirizi. Anayeitoa na ajue kwanza ni maji ya namna gani anayompelekea mwanawe.

Mlima Elgon umekaa mpakani mwa Kenya na Uganda, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, chafika mita 4,321. Ni volkano iliyozimika, na mbavuni mwake maji hushuka pande zote. Mto Suam huanzia katika kasoko kubwa ya kileleni, ukatoka kwa korongo upande wa mashariki, ukawa mpaka wa nchi mbili, kisha ukaitwa Turkwel hadi Ziwa Turkana. Upande wa Bungoma kuna maporomoko ya Teremi, na karibu na Webuye Mto Nzoia huanguka mwambani pale Nabuyole. Nzoia hiyo hiyo, iliyokusanya maji ya Elgon na ya vilima vya Cherangani, ndiyo inayofurika Budalang'i karibu na Ziwa Victoria. Mkulima wa huko aweza kupoteza shamba kwa mvua ambayo hakuiona wala hakuisikia.

Hapo ndipo ilipo hatari ya mtu wa pwani. Sisi tumelelewa na bahari, na bahari ina miadi. Twajua saa za kupwa na kujaa, twajua bamvua na maji mafu, na mvuvi hukwambia tangu jana maji ya kesho yatakuwaje. Mto wa korongoni hauna miadi. Jua laweza kuwaka juu ya vichwa vya watoto, na huku mvua inapiga kileleni, mwendo wa saa nzima kutoka walipo. Maji hayo yakifika penye kuta mbili nyembamba hayana pa kutawanyika, basi hupanda juu kwa dakika chache.

Kalenda yetu pia hutuhadaa. Agosti kwetu ni upepo wa kusi na hali ya ubaridi, lakini Kitale na Bungoma mvua za masika huendelea hadi mwezi huo na kuupita, na aghalabu hunyesha alasiri. Likizo ya Aprili nayo huangukia mvuani. Miezi iliyo mikavu zaidi huko ni Desemba hadi Februari.

Haya si maneno ya kuwatia watu hofu bure. Mwezi wa Aprili 2012, vijana saba waliokwenda matembezi na kundi la kanisa walifariki katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, baada ya kukutwa na mafuriko ya ghafla. Tarehe 1 Septemba 2019, katika korongo lilo hilo, watu saba wengine walikufa kwa namna iyo hiyo, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa njia, mwenyeji wa pale. Ikiwa maji yalimchukua mwenyeji, mgeni ategemee nini? Wahenga wametwambia: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Basi shikeni mambo haya. Ingieni korongoni asubuhi, na adhuhuri iwakute mmekwisha toka. Mchukueni mwenyeji anayeujua mto, mumuulize juu ya mvua ya jana na ya leo huko kileleni. Maji yakigeuka rangi kuwa ya udongo, yakianza kuleta majani na vijiti, au mvumo wake ukibadilika, acheni mizigo mpande juu mara moja. Msikimbie kuufuata mto chini, kwa kuwa maji yana mbio kukushindeni. Na maji ya magotini yaendayo kasi humwangusha mtu mzima.

Mtoto aliyezoea kuogelea baharini na akumbushwe kwamba maji ya chumvi humwinua, na maji matamu hayamwinui kiasi hicho. Asijirushe kutoka mwambani, maana chini kuna mawe yasiyoonekana, wala asikaribie pale maji yanapoangukia, kwani hugeuka na kumvuta chini.

Kwa akina mama na mabinti, sitara na salama hazigombani. Buibui likilowa huwa zito na huzinga miguu. Suruali pana, kanzu ya kufika magotini na mtandio uliofungwa barabara vyatosha, pamoja na viatu vya kufunga vyenye meno. Chagueni kidimbwi chenu mbali na wanaume, lakini msikose mwanamke ajuaye kuogelea, akaaye kando na kazi yake ni kuwatazama wenziwe tu.

La mwisho, na ndilo zito kuliko yote: msafara uwe na amiri mmoja, na amiri huyo awe na ujasiri wa kusema, "Turudini." Itasemwa kwamba nauli imelipwa, kwamba watoto watalia, kwamba mawingu yako mbali. Nauli hulipwa tena. Kisa cha bedui na ngamia wake kila mtoto wa chuoni amekihifadhi: aliambiwa afunge kwanza, kisha ategemee. Kutawakali bila kufunga kamba ni uvivu uliovaa kilemba.

Wazazi, kabla ya kutia saini ile karatasi, muulizeni amiri swali moja: mvua ikionekana mlimani, utafanya nini? Asiyekuwa na jibu, msimpe mtoto.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu na awarejeshe majumbani kwa salama. Amin.