Faili ikipotea, alipe aliyeipoteza

Kwa Mhariri,

Nina malalamiko ambayo najua si yangu peke yangu. Kumbukumbu za ardhi zinapotea katika ofisi za usajili huku kwenye kaunti, kisha gharama anabebeshwa mwenye shamba.

Marehemu baba yetu alituachia shamba lenye hatimiliki. Tulipitia mahakamani mpaka mirathi ikathibitishwa, tukajaza fomu, tukalipa ada. Tulipopeleka stakabadhi ili majina yetu yaingizwe kwenye sajili, karani akatuambia kadi ya kijani ya shamba hilo, yaani sajili yake inayotunzwa ofisini, haionekani, turudi siku nyingine. Tulirudi, na jibu likawa lile lile. Mwishowe tukashauriwa tuombe sajili iundwe upya, na tangazo tulilipie sisi. Huko nje langoni broka akatunong'oneza kwamba tukitoa kitu kidogo, kadi itapatikana siku hiyo hiyo. Ikiwa broka anajua ilipo, karani anashindwaje kuiona?

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinampa msajili mamlaka ya kuunda upya sajili iliyopotea, baada ya kufanya uchunguzi na kutoa notisi ya siku 60 katika Gazeti Rasmi la Serikali. Notisi siipingi, kwani bila hiyo matapeli wangejiandikishia mashamba ya watu. Ninachopinga ni kutozwa kwa uzembe usio wetu. Hatimiliki tuliitunza sisi nyumbani, na ipo. Kilichopotea ni kile ambacho serikali ilipaswa kukitunza.

Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Majaji walisema kwamba kuwa na hatimiliki pekee hakutoshi: ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, hati haimkingi aliyeinunua baadaye. Uamuzi huo unalinda ardhi ya umma, nami nauunga mkono. Lakini sasa mwenye shamba lazima aweze kuonyesha hati yake ilikotoka, na ushahidi wa hilo umo katika masjala ya serikali. Ukipotea humo, mmiliki halali atajitofautisha vipi na tapeli?

Tunaambiwa dawa ni Ardhisasa, mfumo wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021. Sawa, lakini kadi isiyoonekana haiwezi kuingizwa kwenye kompyuta.

Kwa hivyo naiomba Wizara ya Ardhi ikague kila masjala kabla ya kuhamishia kumbukumbu mtandaoni, na itangaze hadharani namba za mashamba ambayo kadi zake zimekosekana. Pale ambapo hitilafu ni ya ofisi, ofisi ilipie tangazo. Na karani anayesema kadi haipo aandike hivyo, atie sahihi na mhuri.

Hili la mwisho si hisani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa bila kucheleweshwa, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapomuumiza. Sisi hadi leo hatujapewa hata mstari mmoja. Tunaanza kwa kuyadai maandishi hayo.

Msomaji wenu,
Pwani ya Kenya